Lita Tano za Tlawi

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti kituo cha kukusanyia maziwa cha Gitting nikiwa nimevaa tai. Katibu wa chama cha wafugaji aliitazama tai, akanipa gamubuti. Akaniambia diploma yangu ya biashara ataisoma mchana, asubuhi ni kupima maziwa. Tulitumia laktomita, kijiti cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa. Kikizama kupita kiasi, ujue yametiwa maji. Nilijifunza haraka, nasema bila kujificha. Ada ya diploma niliilipa mwenyewe kwa kuosha madumu kwenye kiwanda cha maziwa Arusha, na niliporudi nyumbani sikuona mtu wa kunifundisha biashara.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa Dongobesh kuwa meneja. Hapo niliandika mkakati wa kwanza wa chama. Mkakati, kwa maneno mepesi, ni kuamua mapema utashika nini na utaacha nini mambo yakiharibika. Wa kwangu ulisema: soko likiyumba, tuwashike wafugaji wakubwa. Mwenyekiti, mzee mpole asiyependa mikutano mirefu, alipiga muhuri.

Mambo yakaharibika kweli. Mvua zilikata barabara, na kiwanda kilichokuwa kikinunua maziwa yetu kikasema kitapokea nusu tu. Wanachama walijaa ofisini wakiuliza kama chama kinakufa. Nilifungua mkakati wangu, nikatangaza kwamba anayeleta chini ya lita tano kwa siku asilete tena. Wengi wao walikuwa wa kijiji cha Tlawi, watu wa ng'ombe mmoja. Nililala vizuri usiku ule. Nilijiona kiongozi.

Haikupita muda, asubuhi moja nikamwona Mama Paskalina wa Tlawi akipita mbele ya ofisi anamvuta ng'ombe kwa kamba. Nilitoka nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, Meneja. Namrudisha kwa Mzee Bura."

"Kwa nini, mama?"

"Nimnunulie pumba kwa nini? Maziwa yake huyataki. Mwenye ng'ombe akija, nimwambie ananenepa bure?"

Kwa wasiotujua nieleze. Huku kwetu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwake. Humpa rafiki ng'ombe mmoja amtunze: rafiki anapata maziwa na mbolea, mwenyewe anabaki na ndama. Urafiki wa namna hiyo unarithiwa na watoto. Nilizaliwa ndani yake, maziwa niliyokua nayo yalikuwa ya ng'ombe wa watu. Na katika mkakati wangu wote sikuuandika hata kwa mstari mmoja. Niliona ni mambo ya wazee.

Wiki ile ng'ombe walitembea barabarani kama siku ya mnada, kila mmoja anarudi kwa mwenyewe. Wafugaji wakubwa niliokuwa nawalinda wakajikuta na mifugo isiyoenea zizini na majani yasiyotosha. Maziwa ya wote yakapungua. Tangi la kupozea likawa halifiki hata ile nusu ya kiwanda.

Mwenyekiti aliniita. Hakunipa kiti.

"Hizi lita tano umezitoa wapi?"

"Kwenye mkakati, Mzee."

"Huo mkakati unasemaje kuhusu ng'ombe wa Bura aliyekuwa kwa Mama Paskalina?"

"Hausemi kitu."

"Mkakati ni karatasi, nausamehe. Wewe ni mtoto wa hapa."

Aliitisha mkutano mwenyewe, mfupi kama kawaida yake. Wanachama waliamua kila mtu, hata wa ng'ombe mmoja, alete maziwa ya asubuhi tu, ya jioni yabaki nyumbani. Ng'ombe wakaanza kurudi kwa watunzaji, nusu ikapatikana, chama kikapona. Mimi nikauandika uamuzi ule kwa lugha nzuri, na wageni wa wilaya walipokuja kunipongeza kwa uongozi wakati wa msukosuko, nilipiga nao picha. Mwenyekiti alisimama pembeni.

Wengine walirudishiana ng'ombe. Bura na Mama Paskalina hawakurudishiana. Kila mmoja aliona mwenzake ndiye aliyevunja urafiki, na hata kanisani wakakaa mabenchi ya mbali. Nilikwenda kwa wote wawili. Walinipa chai, wakaongea habari za mvua.

Sasa nimestaafu. Vijana mnaosoma biashara, andikeni mikakati, inasaidia. Mimi bado naamini hivyo. Nina nyumba ya bati jipya na zizi la saruji ambalo hakuna mfano wake kata nzima. Nimejaribu kumpa jirani ndama jike atunze. Alishukuru sana, akasema nafasi hana. Wa pili naye akashukuru. Hakuna aliyewahi kuniletea wake.

Wageni wakifika huuliza, kati ya ng'ombe hawa wangapi ni wangu. Nawaambia wote. Wa mjini hunipa mkono wa hongera. Wa hapa Mbulu huangalia chini, na mimi naangalia chini pamoja nao.