Klafuti Isiyo na Kokwa

Watu husema mimi Zélie ni mmbea. Si kweli. Dirisha la jiko langu linatazama uani kwa Marceline Chassagne, na mtu akimenya viazi lazima macho yake yawe mahali. Kama wangetaka nisione, wangejenga ukuta mrefu zaidi.

Na ukuta wenyewe ndio ulioleta kizaazaa. Upande huu yuko Marceline, mjane, mbishi wa kuzaliwa, mwenye mcheri mkubwa kuliko yote kijijini kwetu. Upande wa pili yuko Aloyse Wendling, mstaafu wa reli aliyetoka Alsace, mwisho mwingine wa Ufaransa, akiwa bado na nywele. Mpaka leo tunamwita mgeni, kwa sababu hapa Limousin ukitaka kuacha kuwa mgeni ni lazima kwanza babu yako azikwe hapa. Tawi moja la mcheri limevuka ukuta na kuning'inia kwa Aloyse. Sheria nayo iko wazi: tunda lililo mtini ni la mwenye mti, na tunda lililoanguka lenyewe ni la mwenye uwanja. Lenyewe, bila kusukumwa.

Basi kila Juni Aloyse alitandika shuka chini ya tawi, akaweka kiti, akakaa kungoja riziki. Marceline alisimama upande wake kama askari jela.

“Umetikisa! Nimekuona!”

“Mimi? Ni upepo, Bi Marceline.”

“Upepo gani wenye mikono?”

“Basi labda nimepiga chafya. Chafya nayo utanishtaki?”

“Chafya gani hiyo inayokujia cheri zikiiva tu? Januari mbona hupigi?”

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao, miaka nenda miaka rudi. Nyingine hawakuwa nayo.

Cheri alizozigombania hivyo Marceline zilikuwa za klafuti ya Jumapili ya Mtakatifu Yohane. Cheri nyeusi, nzima nzima, hupangwa kwenye sahani ya udongo iliyopakwa siagi, zikamwagiwa rojo la unga, mayai, sukari na maziwa, kisha oveni ikamaliza kazi. Kokwa hazitolewi. Kokwa ndizo zinazotoa ile harufu ya lozi, na anayezitoa tunamweka kundi moja na wanaozimua divai kwa maji halafu wakawauzia wageni. Mtoto wetu hujua kutema kokwa kabla hajajua kusema asante.

Mwaka huu klafuti haikuwa klafuti tu. Régis, mwana pekee wa Marceline, muuza bima huko Limoges, alikuwa ameingiwa na wazo kwamba akili ya mama yake imeanza kuchuja. Ati alikuta funguo za nyumba ndani ya friji. Ati mama alimpigia simu kumsimulia habari ileile mara mbili. Mimi husimulia habari ileile wiki nzima na hakuna aliyewahi kunitafutia chumba! Lakini Régis alikwisha kukitafuta, katika nyumba ya wazee ya huko mjini, chenye kengele kitandani na dirisha linalotazama maegesho ya magari.

“Jumapili ya Mtakatifu Yohane nakuja kula, Mama,” alisema. “Nikuone hali yako. Halafu tutaamua.”

Marceline alinihadithia maneno hayo akiwa amekaa jikoni kwangu, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwona ameogopa. Alizaliwa katika nyumba ile. Mcheri ulipandwa na baba yake. “Nikishindwa klafuti, Zélie, nimekwisha,” alisema. “Atanifungasha kama kabati.”

Na kushindwa kulikuwa mlangoni. Tangu majira ya baridi bega lake la kulia lilikuwa limeganda, mkono haupandi kupita kidevu. Régis hakuambiwa, maana angeliongeza kwenye mashtaka. Ngazi ilikuwa imeshasahauliwa. Kisha wakaja ndege, kwezi kundi zima, wakaufagia mcheri juu mpaka chini wakaacha vikonyo. Tawi moja tu hawakuligusa: lile la ng'ambo ya ukuta, kwa kuwa chini yake alikaa Aloyse kutwa, na sura ya Aloyse hata mimi sijaizoea.

Nilikuwa namenya viazi, basi niliona. Marceline aliusogelea ukuta, akarudi, akausogelea tena.

“Wendling.”

“Sijapiga chafya.”

“Najua. Nataka cheri zangu.”

“Ziko hapo. Panda uchume.”

“Siwezi kupanda. Bega limekufa. Na wewe huruhusiwi kuzichuma.”

“Siruhusiwi. Umeniambia mara nyingi sana.”

Wakatazamana. Cheri zimeiva mpaka zimekuwa nyeusi, na hakuna mwenye ruhusa na mkono kwa pamoja.

“Leo nakuruhusu,” alisema Marceline, na nusura neno limkabe. “Uzichume, uzioshe, uzipange kwenye sahani Jumapili nikiwa kanisani. Rojo nitapiga mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Ukimaliza urudi kwako. Na mtu asijue kwamba umekanyaga jiko langu, nitakufa kwa aibu.”

“Na mimi nitapata nini?”

“Utapata harufu.”

Aloyse alifikiri, kisha akaenda kutafuta ngazi.

Jumapili tulitoka kanisani mbio mbio. Jikoni hapakuwa na mtu. Sahani ilikuwa mezani, cheri zimejipanga kifudifudi kama waumini, siagi imepakwa vizuri kuliko nilivyotarajia kwa mtu wa reli. Marceline hakuwa na nafasi ya kukagua, gari la Régis lilishaanza kusikika kilimani. Alimwaga rojo, akasukuma sahani ndani ya oveni, akavua aproni, akakaa kama mtu ambaye hajafanya kazi yoyote.

Chakula, ambacho nami nilialikwa, kilikwenda salama. Marceline alitaja siku, tarehe, bei ya siagi na majina ya watoto wote wa binamu zake, hata wale aliowanunia. Régis alianza kulegea. Kisha klafuti ikaja, imeumuka, imekuwa ya dhahabu ukingoni, na nikaona machozi yanamlenga yule bwana bima. Akatia kijiko kinywani.

Akatafuna polepole, ulimi ukitafuta. Akameza. Akatia kijiko cha pili, akatafuta tena. Akakiweka kijiko chini.

“Mama,” alisema kwa sauti ya hospitali. “Kokwa ziko wapi?”

Nilikuwa na cheri mdomoni. Niliibana kwa meno ikabanika yote, laini, tupu, ya aibu. Marceline naye alionja. Rangi ilimtoka.

“Maisha yangu yote,” alisema Régis, “hujawahi kutoa kokwa. Ulimfukuza shangazi Odile mezani kwa kuuliza tu kama zinaweza kutolewa.” Akamshika mkono. “Si kosa lako, Mama. Ndivyo inavyoanza. Chumba kiko tayari.”

Nilijua ni nani aliyezitoa, na Marceline alijua, na hakumtaja! Nilimrushia teke chini ya meza. Likampata Régis.

“Aa, Bi Zélie!”

“Samahani, mwanangu. Ni gauti ya mguu.”

Marceline alilitazama dirisha, akaitazama klafuti, akanitazama mimi. Nilimwelewa. Ama akubali kuwa amerukwa na akili, ama akiri kwamba alimkaribisha mtu wa Alsace kwenye jiko la mama yake. Na naapa, alisita. Mtu mwingine angechagua haraka, lakini yeye alisita mpaka kahawa ikapoa.

“Kulikuwa na mwanamume jikoni,” alisema mwishowe.

Régis alinitazama kwa huruma, kama kusema: unaona ilipofikia?

“Mwanamume gani, Mama?”

“Wa ukutani.”

“Mama, hakuna mwanamume ukutani.”

Marceline alisimama, akafungua dirisha kwa mkono wa kushoto, akapaza sauti ambayo nadhani waliisikia mpaka Limoges: “Wendling! Njoo hapa ujieleze, mharibifu wewe!”

Aloyse alikuja amevaa tai. Mkononi alikuwa na soksi nene ya sufu, imefungwa fundo, inafuka joto kidogo.

“Nani kakwambia utoe kokwa?” Marceline alimvaa hata hajavuka kizingiti.

“Kwani mnaziacha?”

“Umeishi hapa miaka yote hii na hujui kwamba tunaziacha?”

“Ningejuaje?” alisema Aloyse. “Hujawahi kunipa hata kipande.”



“Nilizitoa kwa pini ya nywele,” aliendelea Aloyse, akiisukuma ile soksi mbele yake. “Nilizitaka kwa bega lako. Kwetu kokwa za cheri huoshwa, zikakaushwa, zikapashwa moto ndani ya kitambaa, zikawekwa panapouma. Kitambaa sikuwa nacho. Soksi ni safi.”

“Bega gani?” Régis aliuliza.

“Lililokufa,” alisema Aloyse. “Mkono wake haupandi. Hujui?”

Régis alimtazama mama yake vizuri, nadhani kwa mara ya kwanza tangu afike. Alimwambia anyanyue mkono. Mkono ukaishia kidevuni.

“Kumbe ni bega,” alisema. “Mama, kwa nini hukuniambia?”

“Ungeliongezea chumba kingine! Kichwa changu kizima, Régis. Kinakumbuka hata siku uliyomeza kokwa ukalia mpaka jioni, ati mcheri utakuota tumboni.”

Régis alicheka, kisha akajifuta macho kwa kitambaa cha meza, na hakutaja chumba tena. Alisema atampeleka kwa daktari wa mifupa. Aloyse alikabidhiwa soksi yake, akaambiwa aishikilie begani kwa Marceline ipasavyo, huku Marceline akimtukana kwa kuharibu klafuti ya ukoo mzima. Alimtukana vizuri, kwa muda mrefu, lakini soksi hakuitoa. Katikati ya matusi alimkatia kipande kikubwa.

“Tamu,” alisema Aloyse, mdomo umejaa.

“Haina ladha. Mwakani utaonja klafuti yenyewe.”

Gari la Régis lilipoondoka nilirudi kwangu, nikakumbuka kwamba nina viazi vya kumenya. Aloyse alikuwa amekaa kitini pake, tai imelegezwa, shuka imetandikwa. Juu yake zilibaki cheri chache kwenye ncha ya tawi, ambazo ngazi haikuzifikia. Marceline alitoka uani, soksi imefungwa begani kwa mtandio. Alitazama kulia. Alitazama kushoto. Kwenye dirisha langu hakutazama, ama alijifanya.

Kisha akalishika lile tawi kwa mkono wa kushoto, akalitikisa kwa nguvu zake zote.

“Usinitazame hivyo,” alimwambia Aloyse, cheri zikimwangukia kichwani. “Ni upepo.”