Nani Atamswalia Abilahi

Abilahi alikata roho alfajiri. Jua lilipochomoza, mama yake, Binti Shamte, alikuwa amekaa barazani akisubiri kipaza sauti cha msikiti. Pale Tingi mtu akifa, awe mzee wa mji au kichanga, kipaza sauti humtaja jina lake, jina la baba yake na saa ya maziko. Kikakwaruza. Binti Shamte akajifunika kanga usoni, tayari kulipokea jina la mwanawe.

"Tangazo, tangazo. Wakulima wa korosho mnaombwa kufika ofisi ya kijiji kuchukua salfa ya kupulizia mikorosho. Mje mapema, foleni itakuwa ndefu."

Kikazimwa.

Binti yake Naima akatoka ndani, macho yamemvimba. "Labda umeme umekatika, mama."

"Haujakatika. Redio ya jirani si hiyo inaimba?"

Abilahi alikuwa na miaka arobaini na kitu. Hakuoa. Mikorosho yake aliipalilia mwenyewe, na kila penye shughuli ndiye aliyepika wali na kupamba maharusi. Watu walijua alivyo. Walimtania, naye akawatania zaidi, maneno yakaishia jikoni. Swala ya Ijumaa hakuikosa, hata kisukari kilipomtoboa mguu na kidonda kikakataa kupona.

Mambo yaligeuka mwaka wa uchaguzi. Kwenye mkutano wa hadhara Nangurukuru, mgombea mmoja alipiga kelele kwamba ushoga si wetu, umeletwa na wazungu pamoja na misaada yao. Watu wakashangilia. Abilahi, ambaye alikuwa amesimama palepale ananunua vitumbua, alirudi nyumbani akicheka.

"Mama, kumbe mimi nimetoka Ulaya! Dar penyewe nimekwenda mara moja, nikatapika kutoka hapa mpaka Mbagala."

Binti Shamte alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini Ijumaa iliyofuata Sheikh Fakihi naye alihutubia habari hizo hizo. Yeye alisema ni kazi ya shetani na dalili ya Kiyama. Baada ya hapo wenye shughuli wakaanza kutafuta wapishi wengine, na Abilahi akaacha kucheka.

Wanawake wa mtaani walikuwa na chanzo chao cha tatu, cha zamani zaidi. Mama anayenyonyesha mtoto wa kiume huonywa asiache tone la maziwa limdondokee mtoto sehemu za siri, eti akikua hatakuwa mwanamume kamili. Kwa hiyo Binti Shamte ndiye aliyemharibu mwanawe. Maneno hayo ameyasikia visimani, matangani, kila mahali, na hajajibu hata siku moja.

Jibu alikuwa nalo. Alipomzaa Abilahi ziwa lake liliota jipu, homa ikampanda, akalazwa hospitali ya Kivinje, na aliporudi maziwa yalikuwa yamekauka. Mtoto alinyonya kwa jirani, Bi Somoe, aliyekuwa naye amejifungua siku zile. Mtoto wa Bi Somoe ndiye huyu Sheikh Fakihi wa leo. Binti Shamte angesema hayo, lawama ingehamia kwa mwanamke aliyemwokolea mwanawe. Akaibeba yeye.

Mjomba wa marehemu, Ramadhani, alirudi kutoka msikitini akiwa peke yake. Maiti alikuwa ameshaoshwa na kuvikwa sanda.

"Dada, Sheikh anakataa."

"Anakataa nini?"

"Kumswalia. Anasema hakutubu mbele za watu. Na jeneza la msikiti halitoki."

"Jeneza?" Binti Shamte alimtazama kama mtu aliyeambiwa bahari imekauka. "Hata jeneza?"

Bi Tatu, jirani wa ukuta kwa ukuta, akashusha pumzi. "Tulikwambia tangu zamani, Binti Shamte. Tone moja tu. Tazama lilipotufikisha."

Alilisema hilo maiti yuko chumba cha pili. Naima akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Binti Shamte akainuka.

"Unakwenda wapi, mama? Una msiba!"

"Ndiyo, nina msiba. Nakwenda kuutangaza."

Alimkuta Sheikh Fakihi barazani kwake. Sheikh akasimama upesi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mwanangu hujamtangaza."

"Mimi sina ugomvi na wewe, mama. Lakini mwaka mzima nimesimama kwenye mimbari nikiyakemea haya. Leo nikimswalia, watu watanielewaje?"

"Alikuwa akiswali nyuma yako."

"Kuswali pekee hakutoshi."

"Sikusema hakuwa na dhambi. Nilimkanya mpaka sauti ikanikauka, nikamwombea dua. Hesabu yake iko kwa Mola wake. Mimi nimekuja kudai swala ya maiti, haki ya kila Muislamu. Au nimzike kama mbwa?"

Sheikh akainamisha kichwa. Hakuwa mtu mkatili, na uso wake ulionyesha kwamba jambo hili linamsumbua. "Tukiyalea yatatuingilia majumbani, mama. Mambo haya yanatoka nje."

Sauti ikatoka ndani, nyembamba. "Fakihi! Nani kafa?"

"Hakuna mtu, mama. Pumzika."

Binti Shamte akageukia mlango. Kumbe hata huyu hakuambiwa.

"Dada Somoe," akaita, "ni Abilahi."

Bi Somoe alikuwa haoni tena. Alikuja akipapasa ukuta mpaka mlangoni, kichwa wazi. "Abi wangu? Abi wangu kafa, na mimi naambiwa nipumzike?" Akageuza uso kumtafuta mwanawe. "Nimewasikia. Yanatoka nje, yanatoka kwa mzungu. Mzungu simjui. Wengine wanasema ni maziwa ya mamake. Yule hakunyonya kwa mamake hata tone! Niliwapakata mimi, Abi huku, wewe huku, na mlafi ulikuwa wewe. Kama yalitoka humu," akajipiga kifuani, "mbona wewe mzima?"

Watu waliokuwa wakipita na mifuko ya salfa wakasimama. Hakuna aliyecheka. Sheikh alijua tangu utoto kwamba amenyonya na Abilahi, lakini tangu aliporudi kutoka masomoni jambo hilo halikutajwa tena nyumbani kwao.

"Dada," Binti Shamte akanong'ona, "sasa watakusema wewe."

"Waniseme. Nipe kanga yangu. Fakihi, nenda kamswalie nduguyo."

Jeneza lilitoka. Sheikh hakukubali maiti aingizwe msikitini. Akaja mwenyewe, wakaswali uwanjani kwa Binti Shamte, mistari miwili ya wanaume. Wanawake walikaa barazani, Bi Somoe katikati. Sheikh akapiga takbira zote nne, akatoa salamu.

Kwa desturi ya pale imamu huwageukia watu akawauliza wanamshuhudia vipi marehemu, nao hujibu kwa pamoja kwamba alikuwa mtu mwema. Hata wezi wa korosho wameshuhudiwa hivyo. Sheikh Fakihi aligeuka, akawatazama watu. Kisha akaashiria kwa mkono jeneza linyanyuliwe.

Bi Somoe akamshika Binti Shamte mkono. "Mbona kimya? Hajauliza?"

"Hakuuliza."

Binti Shamte akainuka. Bi Tatu akamvuta upindo wa kanga ili akae. Yeye akauchomoa, akashuka ngazi za baraza mpaka pale jeneza lilipokuwa linapita, mbele ya wanaume wote.

"Alikuwa mtu mwema," akasema.

Wanaume walitazama chini, wakaendelea kwenda. Sheikh Fakihi, aliyekuwa ametangulia, alirudi nyuma akaomba apishwe, akaingiza bega lake chini ya jeneza.