Siku Baba Alipoacha Malimbuko Njiani

Enzi zetu kule Mgeta, Jumapili ilianza Jumamosi mchana. Mama alitusugua miguu kwa jiwe mpaka tukalia, kisha akatupaka mafuta yaliyoganda koponi kwa baridi ya mlimani. Kesho yake tulikula magimbi ya moto na chai ya rangi, tukateremka kigangoni, kanisa letu dogo la kijiji, tumebeba viatu mkononi, tukavivaa mlangoni. Nikiwahadithia watoto wa leo wananiuliza, kwani bodaboda hazikuwepo? Bodaboda ipite wapi, kwenye kinjia ambacho hata mbuzi alishuka kwa kufikiri?

Sala za jioni zilikuwa ndefu, jamani. Magoti yaliuma, dada yangu alisinzia, na harufu ya maharage jikoni ilitupoteza kabisa. Mama alisema, "Mungu hana haraka, na maharage hayajaiva." Katekisimu niliikariri yote. Ukiniuliza kama Mungu ni mwema, jibu lilikuwa mdomoni kabla hujamaliza kuuliza. Kuamini lilikuwa jambo jingine, na sikulijua mpaka nilipofika darasa la tatu.

Ijumaa moja nilirudi shule nikakuta mbuzi wetu amefyeka tuta zima la njegere, zile ambazo mama alizitunza kwa ajili ya malimbuko ya Jumapili hiyo. Kumfunga mbuzi asubuhi ilikuwa kazi yangu. Niliapa kwamba nilimfunga. Baba, mtu mpole ambaye hata kuku alimfukuza kwa maneno, siku hiyo alinichapa, na kilichoniuma zaidi ni kuitwa mwongo. Jioni kwenye sala nilifumba mdomo. Nilijiuliza, huyu Mungu anayeona yote mbona hakunitetea? Jumamosi nayo sikusali. Nilikuwa nimekata shauri kwamba yale yote ni maneno ya wakubwa.

Jumapili padre hakuwepo, katekista aliongoza ibada. Wakati wa malimbuko watu walipanga foleni kwenda mbele na kabichi, karoti na viazi, kwaya ikiimba. Baba alijitwika kikapu cha njegere zilizosalia. Alipokaribia altare akasimama. Akakitua chini katikati ya njia, akageuka, akarudi mpaka kwenye mabenchi ya watoto wa kike. Akachuchumaa mbele yangu.

"Mwanangu, kamba niliifungua mimi. Lori lilikuwa linapiga honi kule chini barabarani, nikaichukua nifungie gunia la kabichi. Nimekumbuka leo asubuhi. Nimekupiga bure, na mwongo hukuwa wewe. Nisamehe, mama."

Mtoto wa Kiluguru anamjibuje baba yake maneno kama hayo? Hakuna aliyenifundisha. Nilihangaika, nikaona macho ya kigango kizima, nikasema, "Shikamoo, baba." Watu wakacheka. Baba hakucheka. Aliitikia, "Marahaba," machozi yakimtoka, akanishika kichwa, ndipo akaenda kukiinua kikapu na kukitoa. Jioni ile nilisali kwa sauti kuliko wote. Tangu siku hiyo imani yangu imesimama pale, nami sijapata hubiri lililonifikisha mbali zaidi.

Siku hizi naishi Morogoro mjini. Kanisa letu lina vipaza sauti na feni, na vijana wetu wanasali kwa vidole. Binti yangu wa kidato cha nne hunitumia "Ubarikiwe mama" kwenye simu akiwa chumba cha pili, nami nilikuwa namcheka sana.

Jumatano ya wiki iliyopita alichelewa kurudi, akasema alikuwa mazoezi ya kwaya. Mbele ya shangazi zake nilimwambia ni mwongo. Alhamisi nikakutana na mwalimu wa kwaya sokoni, akamsifia jinsi alivyobaki hadi mwisho kuwafundisha wadogo. Nilirudi nyumbani nikapika wali na kuku. Nikamtumia ujumbe wenye maua, "Ubarikiwe mwanangu." Akajibu, "Amina."

Namkumbuka baba yangu na wazee wenzake, na ule utu uzima wao usioona haya kuchuchumaa. Sisi tumesoma kuliko wao, Biblia tunazo hadi simuni, lakini neno moja la nisamehe linatukwama kooni. Jumapili nilikwenda kupokea komunyo. Niliporudi kwenye benchi, binti yangu alisogea kunipisha, kwa adabu zote, kama mtu anavyompisha mgeni.