Muhogo Uliozikwa kwa Majina

Muhogo ukishang'olewa hauvumilii. Mkazi wa mjini aghalabu halijui hilo, kwa sababu humfikia ukiwa umekwisha kupitia kwa dalali, kwenye lori na juu ya meza ya sokoni. Anapoumenya hukuta michirizi myeusi katikati, akadhani ameuziwa muhogo mbaya. Si mbaya. Umechelewa tu.

Dena Mwaringa, mkulima wa Kakuyuni, alilijua hilo tangu utotoni, lakini anakiri kwamba hakuwahi kulitafakari mpaka mwanamke mmoja wa Shela, Malindi, alipomtupia kipande cha muhogo mweusi miguuni na kumwambia aule yeye. Mwanamke huyo ni Bi Tumu, mjane, ambaye kwa miaka mingi Mwaringa amekuwa akimpelekea nazi na mbaazi mlangoni.

"Muhogo huu si wangu, Bi Tumu," alimwambia.

"Najua si wako, nimeununua sokoni. Lakini ni nyinyi wa Kakuyuni mnaoulima, kwa hiyo kosa ni la kwenu."

Uani kwa Bi Tumu kulikuwa na chumba kisichokwisha: kuta zilizofika kimo cha mtu, makuti yaliyoezekwa kwa muda, na ndani yake mchanga mwingi ambao mwanawe aliununua kwa ajili ya lipu kabla ya kwenda kutafuta kazi Qatar. Kuhusu nani aliyeutazama mchanga huo akapata wazo, masimulizi yanapingana. Bi Tumu anasema ni yeye. Mwaringa naye anasema wazo lilikuwa lake, ila huongeza kwamba hakuna haja ya kubishana na mwenye mchanga. Wanachokubaliana ni hiki: kule Kakuyuni, mtu aliyeng'oa muhogo mwingi kuliko wa kuliwa siku ile huufukia tena katika mchanga wenye unyevu, kivulini, nao hukaa kana kwamba haujatoka ardhini.

Ramadhani ilikuwa inakaribia. Katika mwezi huo muhogo wa nazi huwekwa kwenye futari karibu kila nyumba, na bei hupanda kwa sababu hiyo hiyo. Kukodi gari kila siku kungemlazimu Mwaringa kuuza kwa bei ya sokoni, na hapo asingekuwa amemsaidia mtu. Lakini shehena moja, ikifukiwa mjini na kutolewa kidogo kidogo kila alasiri, ingeweza kuuzwa karibu na bei ya shambani.

Shamba lake peke yake halikutosha kujaza gari. Akawaendea majirani: Ngowa, Nyale, ambaye analima karibu na kisima, Thoya, na mke wa Thoya, mwenye shamba lake mwenyewe. Wote walimpa mihogo yao kwa ahadi ya kulipwa ikishauzwa. Kwa hiyo, kama ingeharibika, Mwaringa angerudi Kakuyuni mikono mitupu kuwakabili watu waliomwamini, na hakuna ambaye angempa tena hata mti mmoja.

Aliifukia katika mchanga wa Bi Tumu kwa safu, kila mwenye shamba safu yake, ikiwa na vikonyo vyake na udongo wake, maana muhogo uliooshwa huoza upesi. Hakuandika popote. Kila asubuhi alifika kutoka kwa shemeji yake alikolala hapo hapo mjini, akanyunyizia maji safu moja baada ya nyingine, na kwa kila safu akamtaja mwenye mihogo kwa sauti, asije akachanganya.

Nyumba ya jirani ina dirisha la ghorofani linalotazama ua huo na mlango wa chumba hicho. Hapo anaishi Bi Lubna, mshonaji.

"Nilimwona mtu ameinama," anasimulia. "Anaumwagia mchanga maji, na anasema: Hapa Ngowa. Hapa Nyale wa kisimani. Hapa Thoya. Halafu akahamia kando, akasema: Na hapa mkewe. Nikasema, maskini, hata mke hakuachwa."

Jambo linalostahili kuzingatiwa ni kwamba mwanzoni hakuna aliyeogopa. Walitaka kujua. Akina mama wa mtaa walianza kukisia Nyale wa kisimani amefanya nini. Mmoja alisema amesogeza mpaka wa shamba. Mwingine alisema ni habari za posa, na kwamba mtu wa kisimani, wanakokutania vijana, si mtu wa kugombania mipaka. Walifika kwa Bi Tumu kuazima kinu, kuazima chungio, kuazima mbuzi ya kukunia nazi, wakinyoosha shingo kuelekea kwenye chumba kisichokwisha. Bi Tumu hakuwaambia kitu. Alikuwa ameombwa na Mwaringa asiseme, ili wachuuzi wa sokoni wasije kuununua muhogo wote kabla mwezi haujaandama. Na, kwa maneno yake mwenyewe, hakuwahi kutembelewa namna ile tangu eda yake.

Kisha mtu fulani, na hapa kila msimulizi humtaja mwenzake, akalitamka neno fingo. Watu wa pwani hawahitaji kufafanuliwa: ni kitu cha uganga kinachofukiwa ardhini, pengine kwa kulinda, pengine kwa kudhuru. Tangu hapo vicheko vilipungua. Habari ilimfikia Umair, mtoto wa kaka yake Bi Tumu, mwenye duka la vifaa vya umeme, ambaye ndiye anayeiangalia nyumba kwa niaba ya ukoo. Alikuja asubuhi moja, nyuma yake wakimfuata Bi Lubna na majirani wengine.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Na wewe umekuja kuazima mbuzi?"

Umair hakucheka. Alisema watu wananong'ona, jina la nyumba linaharibika, na mgeni aliyefukia vitu uani afukue vyote na aondoke navyo. Mwaringa alikuwa pale na ndoo yake ya maji. Ilibidi siri itoke.

"Ni muhogo," alisema.

"Muhogo hauzikwi."

"Huzikwa, bwana. Nikiutoa wote leo, kesho kutwa umeshakuwa mweusi, na Ramadhani bado. Na mwingi si wangu."

"Basi fukua kidogo tuone."

"Atafukua pale penye muhogo," alisema Bi Lubna. "Hilo jingine atalipitia mbali."

Hoja hiyo ilikuwa nzito, na Mwaringa anasema aliuona uzito wake papo hapo. Kila safu ambayo angeifukua ingeihukumu ile aliyoiacha. Angeweza kuutoa wote akaipoteza shehena, au kuuacha akafukuzwa nayo. Aliwatazama, akaweka ndoo chini, akasogea mpaka nje ya mlango wa chumba.

"Ingieni nyinyi," alisema. "Chagueni wenyewe pa kufukua. Kitakachotoka, kipikeni leo. Mkikuta fingo, mlipike pia."

Kuna aliyeguna, kuna aliyecheka. Bi Lubna alifunga buibui lake kiunoni, akaingia, akazunguka kama anayechagua kitambaa dukani. Alisimama pembeni kabisa, ukutani.

"Hapa ni nani?"

"Nyale wa kisimani."

"Alikukosea nini?"

"Nyale? Amenipa muhogo wake wote bila kuniuliza swali hata moja. Nyinyi ndio mnaouliza."

Alifukua kwa mikono. Mchanga ulikuwa wa baridi, anasema, na hilo ndilo analolikumbuka zaidi, kwa kuwa nje jua lilikuwa kali. Alitoa muhogo mnene wenye udongo mwekundu wa Kakuyuni, akauvunja kwa goti. Ulilia kama kijiti kibichi, na ndani ulikuwa mweupe mpaka katikati, utomvu ukiutoka. Majirani walisogea. Mmoja alimega kipande, akakitafuna kibichi.

"Na huyu mke wa Thoya," aliuliza Bi Lubna kwa sauti ya chini kidogo, "mbona ametengwa?"

"Wake ni mtamu kuliko wa mumewe. Hataki uchanganywe."

Hapo akina mama wote walitaka kufukua kwa mke wa Thoya, na Mwaringa alilazimika kuwazuia kwa kusimama mlangoni na ndoo. Umair alibaki uani. Alisema ameona muhogo, hajaona sehemu ambazo hazikufukuliwa; muhogo ubaki mpaka uishe, lakini hataki kusikia gari jingine limekuja.

Ndivyo biashara ilivyokwenda Ramadhani hiyo. Kila alasiri wanunuzi waliingia na vikapu vyao na kufukua wenyewe, kwa sababu Mwaringa aliona kwamba anayefukua mwenyewe hana la kunong'ona. Bei ilibaki pale alipoikusudia. Mihogo michache iliyoguswa na jembe wakati wa kung'olewa ilioza, akaitoa na kuihesabu kuwa yake, si ya majirani zake wa Kakuyuni. Kabla mwezi haujafika mwisho, safu zote zilikuwa zimekwisha.

Siku iliyofuata Bi Tumu alimkuta Umair katika chumba kisichokwisha, ameshika sepetu, mchanga umepinduliwa kutoka ukuta hadi ukuta. Umair anakanusha. Anasema alikuja kununua muhogo na sepetu aliikuta hapo. Mwaringa, aliyefika wakati huo huo kuchukua ndoo yake, anakumbuka tu kwamba kanzu ya Umair ilikuwa imejaa mchanga mpaka magotini.

"Umekwisha kweli?" aliuliza Umair.

"Umekwisha," alijibu Mwaringa.

"Na nyumbani wananiuliza. Gari litakuja lini?"

"Siku nitakayoruhusiwa."

Umair alijikung'uta kanzu, akaiegemeza sepetu ukutani.

"Nani alikukataza?"