Barua ya Sheria kwa Mama Tasiana

Ndugu zangu, kupita kwa Mama Tasiana bado naona aibu. Siku hizi saruji inapatikana dukani bila kibali, basi nikaamua kuziba ukuta wangu wa nyuma uliopasuka kwa mvua. Kuufikia ni lazima niingie kwenye kiwanja cha mama huyo, jirani yangu hapahapa mtaani Bombambili. Mtu mwingine angebisha hodi. Mimi karani wa mahakama nikapiga barua kwa mashine: sheria inaniruhusu kuingia, na akinizuia nitamshtaki. Nikampa tarishi wa mahakama aipeleke.

Siku tatu kimya. Nikaamini amekataa. Jumapili alipokwenda misa, nikapenya uani kwake na ngazi na ndoo.

Nikiwa juu, akarudi na akina mama wa jumuiya. Badala ya kumwamkia, nikapayuka, "Sheria inaniruhusu!"

"Kwani nani amekukataza, baba?" akasema kwa upole. "Shuka unywe togwa. Tena Mungu amekuleta. Nimeletewa barua ya mahakama na kusoma sijui. Nimewaita hawa waniombee. Hebu tusomee."

Nikashuka. Akafungua pindo la khanga, akanipa barua. Nikasoma mpaka nikafika kwenye jina la mwandishi.