Mti wa Avoka Niliouchuna Rugenge

Siku ile ya mtaani Rugenge haijanitoka akilini, mwanangu, na kila ikinirudia damu hunichemka. Nivumilie basi nikipandisha sauti.

Juzi nilipita mtaa wa Nyamianda nikakuta vijana wameuparamia mti wa watu kwa mapanga, wanaukatakata kama nyama ya sikukuu, na wenzao chini wanapiga picha kwa simu. Nilifoka mpaka koo likanikauka. Wakaniuliza, "Papa, muti ni ya kwako?" Haukuwa wangu. Lakini upo mwingine ambao nao haukuwa wangu, na huo ndio unaonifanya nifoke.

Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari, miguu inaniwasha, nataka kazi yoyote isiyo ya kukaa. Mzee Kashindi wa kijiji cha Runingu, aliyekuwa akiitwa nyumba kwa nyumba kupunguza matawi, akakubali kunifundisha. Vyombo vyake vilikuwa msumeno wa mkono, panga na kamba mbili. Kanuni yake aliirudia mpaka nikaichoka: tawi nene huanzwa chini. Likate kidogo tumboni kwa msumeno, kisha ndipo ukate juu, mbele kidogo. Hapo likianguka halitashuka na ngozi ya shina.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa tawi moja tu la avoka, yaani mparachichi, lililoyalalia mabati ya Mama Nabintu, mjane wa Rugenge. Mti ule aliupanda mahali alipozika kitovu cha mwanawe wa kwanza, na mizizi yake ndiyo iliyoshika udongo wa mteremko nyuma ya nyumba. Nawe unajua maji ya milima yetu yanavyoshuka mvua ikikasirika.

Nikapanda, nikajifunga kamba, tawi nikalifunga kwa ile ya pili, nikaanza chini kama nilivyofundishwa. Vumbi la mbao likanimwagikia machoni, nikawa nasita kila mara kuyafuta. Vijana wa mtaa wakakusanyika.

"Angalieni, anakuna muti tumbo!"

"Weye, shuka! Tutume dada yako apande!"

"Na hiyo panga iko kiunoni ni ya kupamba?"

Mzee alikuwa nyuma ya nyumba, akimsaidia Mama Nabintu kuondoa masufuria na kuku. Husemwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi hata sikusifiwa, nilichekwa tu, na hiyo ikatosha! Nikauning'iniza msumeno, nikachomoa panga, nikakata kutoka juu kwa nguvu zote, ili wanyamaze. Tawi likalia, likainama, likashuka na ganda la shina, refu kama mimi, kama mbuzi anayechunwa. Kamba ililivuta kando, mabati yakapona. Mti haukupona.

Na wale waliocheka? Kila mmoja alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli kwao. Hakubaki hata mmoja. Nikashuka, nikachota matope, nikaanza kukipaka kile kidonda kisionekane. Mzee Kashindi akanikuta hapo.

"Unafanya nini?"

"Mzee, huu muti ulikuwa na wadudu..."

"Funga kinywa! Kukosea, hata minye nilikosea. Lakini weye unazika kidonda kingali kibichi? Nenda umuambie mwenyewe, na kinywa yako."

Nilimwambia. Mama Nabintu alikuja akayafuta matope kwa kitenge chake, taratibu, kisha akanigeukia.

"Nilikuita ukate tawi, sikukuita unichunie muti. Siku maji itashuka, utakuja kushika udongo na hiyo mikono?"

Mzee alipanda mwenyewe na magoti yake mabovu, akasafisha kingo za kidonda kwa kisu kidogo, na njia yote ya kurudi Runingu akaubeba msumeno yeye mwenyewe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Guu langu lilibaki zima. Kilichovunjika kilikuwa cha mjane.

Nikaondoka. Miji ya Baraka, Kalemie, Bujumbura, miaka mingi. Nilijiita msafiri, kumbe naukimbia mti. Mwaka huu nimerudi. Nusu ya mti ule imekauka, nusu inazaa, na udongo ungali umeshikwa. Mama Nabintu, mkongwe sasa, hakukumbuka jina langu.

"Kumbe njo weye wa muti," akasema.

Nikamwomba ruhusa nikate tawi kavu lililokuwa likining'inia juu ya mlango wake. Alinitazama mikono. Kisha akatuma msumeno uazimwe kwa jirani, akasimama pale chini na mkongojo wake.

"Anza chini."

Nikaanza chini. Vumbi likanimwagikia machoni, nikaliacha.

Mwanangu, anayekucheka kutoka chini hajashika msumeno, na kitu kikiharibika hutamwona. Usimpe mkono wako auongoze. Ishike njia uliyofundishwa hata ikikufanya uonekane mjinga. Na ukiharibu cha mtu usikipake matope. Mwambie mwenyewe siku hiyohiyo, akufokee, umsikilize. Mungu akupe mkono mtulivu na masikio mazito kwa wanaokucheka, na kila utakapopita, miti ya watu ibaki na ngozi yake.