Dawa ya Elspet Flett

Katika Findochty, kijiji chetu cha wavuvi, majina ni machache kuliko watu. Nusu yetu ni akina Flett, kwa hiyo kila ukoo una jina lake la utani. Elspet Flett alizaliwa akaitwa Elspet wa Korongo kwa ajili ya miguu ya babu yake, akazikwa akiitwa Elspet Lista. Nitasema ilikuwaje, maana wanaosimulia siku hizi wanasimulia vibaya.

Alikuwa mpasua heringi, kama sisi sote. Kazi hiyo hufanywa na watatu watatu: wawili wanapasua samaki na kutoa matumbo, wa tatu anawapanga na chumvi ndani ya pipa. Elspet alipasua pamoja na Nannie Smith, na Bella Sutherland, mwenye mikono mirefu, ndiye aliyepanga. Mume hakuwa naye, mama alishamzika, na kaka zake bahari iliwachukua wote. Hao wawili ndio waliokuwa jamaa zake. Msimu mzima walilala kitanda kimoja na kunywa chai ya birika moja.

Kisu cha heringi ni kifupi na hakina urafiki. Ndiyo maana tunafunga vidole kwa matambara ya mifuko ya unga kabla ya kuanza. Mwaka ule kisu kilipita chini ya tambara, chumvi ikaingia, na mkono wa Elspet ukavimba mpaka kwenye kiwiko. Walipompeleka hospitali Aberdeen, Nannie alilia njia nzima, akiamini mkono ule utakatwa.

Haukukatwa. Wauguzi wa huko walikuwa na neno lao, walilolitoa kwenye jina la daktari Lista, aliyefundisha kuosha vidonda kwa kaboliki ili visioze.

"Umeshamlista yule wa dirishani?"

"Bado, ndiyo naenda kumlista."

Walimlista Elspet asubuhi na jioni mpaka uvimbe ukashuka. Mwanamke wa kitanda cha pili, aliyekuwa na kidole kama chake ila aliyeletwa kwa kuchelewa, alitolewa amefunikwa shuka. Elspet alilitazama lile shuka likipita. Akarudi nyumbani na mkono mzima, chupa ya kaboliki, na neno lile.

Tangu hapo kila asubuhi aliyaloweka matambara yake kwenye dawa kabla ya kuyafunga vidoleni.

"Umeshajilista, Bi Daktari?" Bella alimwuliza.

"Nimejilista. Nawe ungejilista mdomo."

Walicheka. Mwanzoni walicheka.

Kisha fundi mapipa akafungua mapipa yao ili kuongeza maji ya chumvi. Akaingiza pua, akarudi nyuma kwa harufu ya dawa.

"Nani kamlaza mgonjwa humu ndani?"

Mapipa yakamwagwa yote. Kwa kuwa mpangaji ndiye mwenye pipa, Bella ndiye aliyetukanwa, mbele ya uwanja mzima, wanaume wakiziba pua na kucheka. Elspet angeweza kusema neno zuri hapo. Alisema, "Afadhali pipa linuke kuliko mkono wangu."

Bella hakumsemesha tena.

Ikafika safari ya kwenda Yarmouth, bandari ya mbali kusini, kupasua heringi. Huko hawachukui mpasuaji mmoja, wanachukua kundi zima, na asiye na wenzake hubaki kijijini kumenya kome wa chambo kwenye vibanda vya watu. Elspet alikwisha kufunga sanduku lake, lakini kuitwa hakuitwa. Jioni ya mwisho Nannie akabisha hodi.

"Bella anasema uitupilie mbali chupa, uende ukamwombe radhi. Usipokwenda, anamchukua mpwa wake."

"Yule anayeogopa matumbo ya samaki?"

"Huyo huyo. Elspet, mwenzangu, nitalala vipi na mtoto anayepiga mateke?"

"Chupa siitupi."

Nannie akatoa mkono kwenye shali. Kidole gumba kilikuwa chekundu, kimeng'aa.

Elspet alichemsha maji. Akatia kaboliki kidogo mpaka yakawa meupe kama maziwa, akakizamisha kidole. Nannie aliuma meno.

"Utafanya hivi usiku, kazi ikiisha," Elspet alisema, huku akimmiminia dawa kwenye kichupa. "Asubuhi unanawa maji matupu, unafunga matambara makavu. Hapo samaki hanuki. Kuyaloweka asubuhi ndiko nilikokosea."

Nannie alimkodolea macho. "Kumbe unajua. Basi mwambie Bella hivyo hivyo. Neno moja tu."

"Aje yeye. Mlango anaujua."

"Atakuja wapi yule, na kichwa chake kama chako?"

Elspet alimfunga kidole, akakaza fundo.

"Usimwambie Bella kama nimekuja na hiki kidole," Nannie alisema.

"Nitamwambia saa ngapi? Hanisemeshi."

Asubuhi mkokoteni wa masanduku ulipita mlangoni kwake kwenda kwenye gari la moshi. Nannie alificha mkono ndani ya shali. Mpwa wa Bella alikaa katikati yake na Bella. Elspet alisimama kizingitini na buti miguuni, akifuma soksi, na Bella akamtazama. Elspet akangoja aitwe. Nannie alituambia, uzeeni kwake, kwamba Bella naye alikuwa anangoja aombwe, na alikuwa ameacha nafasi ya sanduku moja.

Mkokoteni ukapanda kilima. Elspet alifuma mpaka magurudumu hayakusikika tena, akavua buti, akaenda kuuliza kwenye vibanda ni nani anayehitaji mtu wa kumenya kome.